Kosa na ujumbe wake visitengane: kuandika ganda la Python juu ya SQLite

Ukiona kwenye logi za programu yako hitilafu yenye maelezo "not an error", acha unachofanya uishughulikie. Programu imelalamika, muamala haukupita, na maelezo yanadai hakuna kosa. Mara nyingi chanzo chake ni kimoja: nyuzi mbili (threads, yaani njia mbili za utekelezaji zinazokwenda sambamba) zimetumia muunganisho mmoja wa hifadhidata, na ganda linaloizunguka maktaba ya C limechelewa kuuchukua ujumbe wa kosa.

Tuseme kuna jedwali la risiti. Uzi wa kwanza unaingiza risiti yenye namba iliyokwisha kutumika, na `sqlite3_step`, wito wa SQLite wa kuitekeleza kauli ya SQL, inarudisha kosa la ukiukaji wa sharti. Kabla uzi huo haujaita `sqlite3_errmsg` kuuliza kilichotokea, uzi wa pili unasoma salio kupitia muunganisho uleule na unafanikiwa. SQLite huweka kosa la mwisho ndani ya muunganisho, mahali pamoja tu, kama ubao ambao kila ajaye hufuta kilichoandikwa na aliyemtangulia. Uzi wa kwanza ukija kusoma, unakuta habari za uzi wa pili. Maelezo rasmi ya SQLite yanaitaja hatari hii waziwazi, na dawa yake yanaitaja pia.

Ndiyo maana anayeandika ganda hawezi kupanga makufuli (mutex, yanayoruhusu uzi mmoja tu kupita kwa wakati) leo na hitilafu wiki ijayo. Vinapangwa pamoja, ndani ya mistari ileile ya msimbo.

Mfano wangu ni SQLite, maktaba ya hifadhidata ya C iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 na ambayo imo ndani ya kila simu ya Android. Juu yake naweka Python, kwa moduli iliyoandikwa kwa C. Anayetumia Rust au Go atabadilisha majina; mpangilio wa hatua utabaki uleule.

Hatua ya 1: Jua maktaba uliyonayo imekompailiwa vipi

`sqlite3_threadsafe()` hurudisha namba moja kati ya tatu. Ikiwa 0, makufuli yote yameondolewa, na nyuzi mbili haziruhusiwi kuigusa maktaba kwa wakati mmoja hata kwenye miunganisho tofauti. Ikiwa 2, nyuzi nyingi zinaruhusiwa mradi muunganisho mmoja hautumiwi na nyuzi mbili kwa pamoja. Ikiwa 1, ambayo ndiyo hali ya kawaida, kila wito hujifungia wenyewe unapoingia na kufungua unapotoka.

Moduli yako ikikuta 0 ikatae kupakiwa, na ieleze sababu. Ikikuta 1 au 2, omba kufuli la muunganisho mwenyewe unapofungua faili, kisha hakikisha umelipata:

```c
rc = sqlite3_open_v2(njia, &db,
        SQLITE_OPEN_READWRITE | SQLITE_OPEN_CREATE |
        SQLITE_OPEN_FULLMUTEX, NULL);
if (rc != SQLITE_OK) {
    nakili_kosa(db, rc, &kosa);
    sqlite3_close(db);
    rusha(&kosa);
    return NULL;
}
if (sqlite3_db_mutex(db) == NULL) {
    sqlite3_close(db);
    PyErr_SetString(PyExc_RuntimeError,
                    "muunganisho hauna kufuli");
    return NULL;
}
```

`nakili_kosa` utaiona hatua ya 2; `rusha` ni funksheni yako ya kuligeuza kosa kuwa hitilafu ya Python. Ukaguzi wa mwisho unaonekana wa ziada, lakini usiuache. `sqlite3_mutex_enter` ikipewa NULL haifanyi kitu na hailalamiki. Utadhani umefunga mlango, kumbe hakuna mlango.

Tazama pia `sqlite3_close` kwenye tawi la kosa. Faili ikishindwa kufunguka, SQLite bado hukupa muunganisho ili uweze kuusoma ujumbe, na ni juu yako kuufunga. Ni kumbukumbu ilipokosekana tu ndipo unapata NULL, na `sqlite3_close(NULL)` haina madhara. Usipoufunga, kila jaribio la kufungua faili isiyofunguka linakuachia kumbukumbu inayovuja.

Hatua ya 2: Mahali pa kosa ni kwenye steki ya uzi wako

Hali ya 1 hulinda kila wito peke yake, lakini kati ya `sqlite3_step` na `sqlite3_errmsg` kufuli liko wazi. Hapo katikati ndipo uzi wa pili unapoingia. Dawa ni kulishika kufuli la muunganisho wewe mwenyewe, ufanye kazi, unakili kosa, ndipo uliachie. Kufuli hilo hukubali kushikwa tena na uzi uliokwisha kulishika, kwa hiyo miito ya SQLite iliyomo ndani haitajikwamisha.

Nakala ya kosa iwe kwenye kitu cha uzi wenyewe:

```c
typedef struct {
    int  msimbo;
    int  msimbo_kamili;
    char ujumbe[512];
} Kosa;

static void nakili_kosa(sqlite3 *db, int rc, Kosa *k)
{
    const char *maneno;

    k->msimbo = rc & 0xff;
    if (k->msimbo == SQLITE_MISUSE) {
        k->msimbo_kamili = rc;
        maneno = sqlite3_errstr(rc);
    } else {
        k->msimbo_kamili = sqlite3_extended_errcode(db);
        maneno = sqlite3_errmsg(db);
    }
    snprintf(k->ujumbe, sizeof k->ujumbe, "%s", maneno);
}
```

Kielekezi kinachotoka `sqlite3_errmsg` si mali yako. Wito unaofuata kwenye muunganisho huo unaweza kukibatilisha, kwa hiyo nakili herufi zenyewe. Kukihifadhi kielekezi hakutoshi. `SQLITE_MISUSE` nimeitenga kwa sababu maktaba ikitumiwa isivyo, huenda ujumbe wa muunganisho haukuandikwa kabisa, na ungesoma wa kosa la zamani. `sqlite3_errstr` hutafsiri namba bila kuugusa muunganisho.

Jambo dogo linalowahusu wanaoandika majina yenye herufi zisizo za ASCII: `snprintf` inaweza kuukata ujumbe katikati ya herufi ya UTF-8. Unapougeuza kuwa matini ya Python tumia `PyUnicode_DecodeUTF8` kwa namna ya `"replace"`, la sivyo kosa la hifadhidata litageuka kosa la kusoma herufi na utaanza kutafuta mahali pasipo.

Hifadhi msimbo kamili daima. Namba 19 inasema sharti limekiukwa, basi. Namba 2067 inasema ni sharti la upekee, 1299 ni safu isiyoruhusu thamani tupu, 787 ni ufunguo wa kigeni. Anayeandika programu ya mauzo anahitaji tofauti hiyo ili amwambie mtumiaji "namba hii ya risiti imeshatumika" badala ya "kuna tatizo".

Hatua ya 3: Panga makufuli mawili kwa mpangilio mmoja usiobadilika

Hapa ndipo maganda mengi hukwama. Python ina kufuli lake kuu, GIL, ambalo uzi hulishika ndipo uguse vitu vya Python. SQLite ina kufuli la muunganisho. Uzi A ukishika GIL huku ukisubiri kufuli la muunganisho, na uzi B ukashika kufuli la muunganisho huku ukisubiri GIL, hakuna atakayetoka. Programu haianguki wala haitoi ujumbe. Inanyamaza, na aliye mbele ya skrini anabaki akingoja.

Kanuni ninayoishika ni hii: usisubiri kufuli la muunganisho ukiwa na GIL mkononi. Achia GIL kwanza, shika la muunganisho, kisha ukihitaji Python rudisha GIL ukiwa ndani. Muunganisho kwanza, GIL baadaye, kila mahali.

```c
static PyObject *songa(Muunganisho *m, sqlite3_stmt *kauli)
{
    PyObject *mstari = NULL;
    Kosa kosa;
    int rc;
    sqlite3_mutex *kufuli = sqlite3_db_mutex(m->db);

    Py_BEGIN_ALLOW_THREADS
    sqlite3_mutex_enter(kufuli);
    rc = sqlite3_step(kauli);
    if (rc != SQLITE_ROW && rc != SQLITE_DONE)
        nakili_kosa(m->db, rc, &kosa);
    Py_END_ALLOW_THREADS

    if (rc == SQLITE_ROW && !PyErr_Occurred())
        mstari = jenga_mstari(kauli);
    sqlite3_mutex_leave(kufuli);

    if (PyErr_Occurred()) {
        Py_XDECREF(mstari);
        return NULL;
    }
    if (rc != SQLITE_ROW && rc != SQLITE_DONE) {
        rusha(&kosa);
        return NULL;
    }
    return mstari;
}
```

`jenga_mstari` ni funksheni yako ya kugeuza mstari wa matokeo kuwa kitu cha Python. Kauli ikiisha, `songa` inarudisha NULL bila hitilafu, na hivyo ndivyo Python inavyotaka kutoka kwa kitu kinachopitiwa mstari baada ya mstari.

Angalia mahali `sqlite3_mutex_leave` ilipo: baada ya `Py_END_ALLOW_THREADS`, yaani GIL inarudishwa huku kufuli la muunganisho bado limeshikwa. Kuna sababu. `jenga_mstari` inaita `sqlite3_column_text` na wenzake, na funksheni hizo hulishika kufuli la muunganisho zenyewe kwa kitambo kidogo. Ungeliachia mapema, ungekuwa unalisubiri ukiwa na GIL, na kanuni ingekuwa imevunjwa bila mtu kuona. Mtego huo huo uko kwenye `sqlite3_bind_*`, kwa hiyo nazo zipite njia hii.

Na si ujumbe wa kosa pekee unaopotea kufuli likiachiwa mapema. `sqlite3_last_insert_rowid` na `sqlite3_changes` nazo husoma hali ya muunganisho. Uzi mwingine ukiingiza risiti katikati, utampa mteja namba ya risiti ya mtu mwingine, na hapo hakuna hitilafu ya kukuamsha. Zisome ndani ya kufuli lilelile lililofunika `sqlite3_step`, uzihifadhi kwenye kishale chako (cursor, kitu cha Python kinachoendesha kauli na kusoma matokeo yake).

Kishale kimoja, hata hivyo, kisitumiwe na nyuzi mbili. Weka alama ya "kinatumika" unapoingia, na atakayekikuta kimewekwa alama apewe hitilafu papo hapo. APSW, ganda la Python lililoandikwa na Roger Binns, limekuwa likifanya hivyo. Python 3.13 ya mwaka 2024 ilileta pia toleo la majaribio lisilo na GIL. Ukitaka moduli yako ifanye kazi humo, alama hiyo iwe ya atomiki, yaani isomwe na kuwekwa kwa hatua moja isiyokatizwa.

Hatua ya 4: Python inapoitwa kutoka ndani ya C

SQLite hukuruhusu kuandikisha funksheni zako: za kukokotoa, za kupanga herufi, za kufuatilia maendeleo. SQLite inapoziita, uzi uko ndani ya `sqlite3_step`, kufuli la muunganisho limeshikwa, GIL haipo. Shika GIL kwa `PyGILState_Ensure`, fanya kazi, iachie kwa `PyGILState_Release`. Mpangilio wa hatua ya 3 unaheshimika wenyewe.

Hitilafu ya Python haiwezi kuruka juu ya fremu za C kuelekea kwa aliyeita. Funksheni ya kukokotoa ikishindwa, iache hitilafu ya Python pale ilipo, kisha uiambie SQLite kwa `sqlite3_result_error`. SQLite itasimamisha kauli na kurudisha kosa lake, na ganda likirudi juu litakuta hitilafu mbili: ya Python, yenye mstari kamili wa msimbo ulioshindwa, na ya SQLite, yenye maelezo ya jumla. Ya kwanza ndiyo ya kweli. Ndiyo sababu `songa` huuliza `PyErr_Occurred` kabla ya kurusha ya kwake. Kwa C++ hali ni mbaya zaidi: eksepsheni ikipita kwenye fremu za C, lugha haikuahidi chochote. Inaswe ndani ya funksheni yenyewe.

Funksheni za kupanga herufi zina tatizo la peke yake. SQLite haikuzipa njia yoyote ya kusema "nimeshindwa". Ni lazima zirudishe namba ya ulinganisho. Kwa hiyo `sqlite3_step` inaweza kurudisha `SQLITE_ROW` safi huku hitilafu ya Python ikisubiri pembeni, na mpangilio wa mistari ukiwa wa uongo. Ganda linaloangalia `rc` peke yake litaikabidhi programu orodha isiyo sahihi. Tazama tena `songa`: ukaguzi unafanyika hata kwenye njia ya mafanikio.

Hatua ya 5: Uhai wa bafa

Bafa ni kumbukumbu inayobeba matini unayoipa SQLite. Matini uliyopitisha kwa `SQLITE_STATIC`, yaani bila SQLite kuinakili, lazima iendelee kuishi hadi kauli ifungwe au thamani nyingine ichukue nafasi yake. Ukiwa umeachia GIL, uzi mwingine unaweza kukiondoa kitu cha Python kinachoimiliki. Shikilia rejea yake, au tumia `SQLITE_TRANSIENT` ukubali gharama ya nakala. Kwa matini fupi ningechagua nakala bila kufikiri mara mbili.

Hatua ya 6: Kufunga kauli bila kukwama

Python inapokiondoa kishale, funksheni ya kukiondoa huitwa ikiwa na GIL, pengine kwenye uzi usioutarajia kabisa. Ukiita `sqlite3_finalize` hapo, utasubiri kufuli la muunganisho ukiwa na GIL, yaani kosa la hatua ya 3 limerudi kwa mlango wa nyuma. Njia ninayoiamini ni kuiweka kauli kwenye orodha ya "za kufungwa" iliyo ndani ya muunganisho, na atakayefuata kulishika kufuli azifunge zote.

Msimbo unaorudishwa na `sqlite3_finalize` au `sqlite3_reset` hurudia kosa la `sqlite3_step` ya mwisho. Haumaanishi kwamba kufunga kumeshindwa. Ukiurusha tena, mtumiaji ataona kosa moja mara mbili. Na `sqlite3_close` hukataa kwa `SQLITE_BUSY` ikiwa kuna kauli zilizosalia, kwa hiyo safisha orodha kwanza.

Hatua ya 7: Kutofautisha "subiri" na "anza upya"

`SQLITE_BUSY`, namba 5, maana yake muunganisho mwingine umeishika faili. `SQLITE_LOCKED`, namba 6, kwa kawaida ni mgongano ndani ya muunganisho wako mwenyewe, na kusubiri hakutausaidia. Usiziweke kwenye hitilafu moja.

Bila kuweka muda wa kusubiri, SQLite hurudisha 5 papo hapo. Weka `sqlite3_busy_timeout`, moduli ya sqlite3 inayokuja na Python huweka sekunde 5. Lakini kumbuka gharama yake: muda wote huo kufuli la muunganisho limeshikwa, na kila uzi unaoshiriki muunganisho huo unasubiri nawe. Kufuli hufanya kushiriki kuwe salama, haliongezi kasi. Palipo na kazi nyingi, upe kila uzi muunganisho wake na uwashe WAL (write-ahead log, hali ambamo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni), iliyokuja na toleo 3.7.0 mwaka 2010, ili wasomaji na mwandishi wasizuiane.

WAL nayo ina kosa lake, 517, `SQLITE_BUSY_SNAPSHOT`. Muamala ulianza kwa kusoma, mwingine akaandika, nawe sasa unataka kuandika juu ya picha iliyopitwa na wakati. Hapo muda wa kusubiri hautumiki kabisa. Rudisha muamala nyuma, uuanze upya. Muamala unaojulikana tangu mwanzo kwamba utaandika uanze kwa `BEGIN IMMEDIATE`, na utaliepuka.

Makosa mengine, kama diski kujaa, kosa la kusoma au kuandika, au kumbukumbu kuisha, yanaweza kuurudisha nyuma muamala mzima bila wewe kuomba. Ganda likituma `ROLLBACK` kwa mazoea, litajibiwa "cannot rollback - no transaction is active", na ujumbe huo utaifunika habari ya diski iliyojaa. Uliza `sqlite3_get_autocommit` kwanza, ndani ya kufuli. Ikirudisha kisichokuwa sifuri, hakuna muamala wa kurudisha.

Wito mmoja usipitie kufuli: `sqlite3_interrupt`. Kazi yake ni kumkatisha uzi aliyelishika, kwa hiyo ukilisubiri kwanza utafika kazi imekwisha. SQLite inaruhusu uitwe kutoka uzi wowote, ila hakikisha muunganisho haufungwi wito ukiwa haujarudi.

Hatua ya 8: Yalazimishe makosa yatokee

Njia ya kosa isiyojaribiwa haijakamilika. Ukiukaji wa upekee ni rahisi: ingiza namba ileile mara mbili. Kwa 5, fungua miunganisho miwili, mmoja uanze `BEGIN IMMEDIATE`, mwingine ujaribu vilevile. Diski iliyojaa huigizwa kwa `PRAGMA max_page_count` yenye namba ndogo, kisha ingiza data hadi upate kosa namba 13, `SQLITE_FULL`.

Jaribio muhimu kuliko yote ni la ujumbe uliopotea. Nyuzi mbili, muunganisho mmoja: ya kwanza inarudia kuingiza risiti yenye namba iliyotumika, ya pili inarudia `SELECT 1`, kila moja kwa maelfu ya mizunguko. Kila hitilafu ya uzi wa kwanza lazima iwe na msimbo kamili 2067 na jina la safu kwenye ujumbe. Ondoa `sqlite3_mutex_enter` na `sqlite3_mutex_leave` kwa muda, liendeshe tena, na lazima lifeli. Lisipofeli, ongeza nyuzi na mizunguko mpaka lifeli, ndipo urudishe kufuli. Kisha ongeza uzi wa tatu wenye funksheni ya Python iliyoandikishwa kwenye SQLite, na uweke kikomo cha muda kwa jaribio zima, maana mkwamo hautoi ujumbe: saa pekee ndiyo itakayokuambia. Kompaili moduli na SQLite yenyewe kwa `-fsanitize=thread` pia, ukiweza; itaonyesha migongano ambayo mizunguko haikubahatika kuinasa.